Chupa Nyeusi ya Shigela

Sauti ya mama yangu niliisikia uani wakati mafuta yanaanza kutoa moshi. Mpaka leo nikisikia karai linanguruma jikoni kwa mtu, moyo hunipiga kwanza, ndipo nikumbuke kwamba mimi sasa ni mtu mzima.

"Hodi hapa. Ndiyo kwa Domitila?"

"Ndiyo, mama. Karibu sana, pita," alijibu Domitila, mwenye nyumba wangu.

Shigela alikuwa ameshika mwiko. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la kuku. Tulitazamana, na nikaona rangi ikimtoka usoni.

"Ni nani?" alininong'oneza.

"Mama."

"Mama yupi?"

"Shigela, nina mama wangapi mimi?"

Msomaji, usimcheke. Kwetu Migato kijana anayeposa hamtazami usoni mama wa binti. Wakikutana njiani, mmoja anaingia shambani mpaka mwenzake apite. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na jina la huyu halitoki kinywani mwa yule. Sasa huyu wangu alikuwa amesimama ndani ya jiko langu, amefunga kanga yangu kiunoni, anakaanga. Kama mama angemkuta hivyo, hakuna mshenga duniani ambaye angeweza kurudi Migato kuomba tena.

"Niende wapi?" aliuliza.

Jiko lilikuwa kibanda cha mabati chenye mlango mmoja, na mlango huo ulitazama uani alikokuwa amesimama mama. Nyuma kabisa palikuwa na kipembe cha kuwekea mkaa, kimezibwa na gunia la pamba badala ya pazia. Nikamwonyesha kwa kidole. Alijikunja akaingia, mtu mrefu yule, na gunia likarudi mahali pake. Nilipogeuka, mama alikuwa mlangoni.

Nikapiga magoti, nikamwamkia kwa Kisukuma. "Mwadila, mayu."

"Mwadila, ng'wana wane." Aliweka chini kapu lake la michembe ya viazi vitamu vikavu, akafuta jasho kwa ncha ya kanga. "Mbona unatetemeka?"

"Moshi, mama."

"Moshi hautetemeshi mtu. Epua hilo karai kabla hujatuunguza."

Niliepua. Ilikuwa Jumapili ya tatu ya Januari, mwaka tisini na sita, na mama hakutakiwa kuwa hapo. Wiki mbili nyuma washenga wa Shigela walikuwa wamefika nyumbani. Baba mdogo Mahona aliwasikiliza vizuri, kisha akasema kwa kuwa kaka yake, yaani baba yangu, ni marehemu, neno la mwisho ni la mama. Mama naye akasema neno hilo atalileta mwenyewe Bariadi, Jumapili ya kwanza ya Februari. Nilikuwa nimeihesabu hiyo Jumapili kwa vidole, usiku na mchana, nikiwa kwenye cherehani na nikiwa kanisani. Sikumwandalia mama chochote kwa siku nyingine.

"Umekuja mapema, mama. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba." Hakukaa. Alikuwa anatazama ubao wa kukatia. "Nani amekata hivi vitu?"

Karoti zilikuwa zimelala vijiti vyembamba, vyote urefu mmoja. Pembeni hoho, pembeni kabichi, pembeni tangawizi na kitunguu saumu vilivyosagwa. Kidari cha kuku kilikuwa kimechanwa vipande vyembamba, na tambi zilishachemshwa, zikapitishwa maji ya baridi, zikapakwa mafuta kidogo zisishikane.

"Mimi," nikasema.

"Wewe unakata kitunguu kama mtu anayepasua kuni. Nimekulea mimi." Aliinama akagusa kuku kwa kidole. "Na kuku mnamchana kama kamba za viatu. Ndiyo nini hiki?"

"Ni mapishi ya Kichina, mama. Tambi za kuku. Yanaiva haraka."

Sikusema nimejifunza kwa nani, lakini mama alishajua kuliko nilivyodhani. Watu wote Bariadi walijua kwamba Shigela mwana wa Mboje alikuwa mpishi wa wale mafundi watano wa Kichina waliokuja kufunga mitambo kwenye kiwanda kipya cha pamba, baada ya watu binafsi kuruhusiwa kununua na kuchambua. Msimu mzima aliwapikia, na wao wakamfundisha. Walipoondoka walimwachia karai la chuma, pakiti kadhaa za tambi, na chupa moja. Mimi nilimfahamu kwa suruali. Aliniletea nimtie kiraka mahali mafuta yalipomuunguza, na kesho yake akaniletea chakula kwenye hotipoti, akakaa kando ya cherehani kuhakikisha nimemaliza. Toka siku hiyo nikawa sisikii la mtu.

Jicho la mama likafika kwenye chupa.

Ilikuwa juu ya kidirisha cha kutolea moshi, ya kioo, imebaki nusu. Ndani yake kulikuwa na maji meusi ti, mazito kidogo, na kwenye karatasi yake palikuwa na herufi za Kichina, mikwaruzo mikwaruzo myekundu. Mama hakujua kusoma, lakini herufi za kawaida anazifahamu kwa sura, na hizi hazikuwa hizo. Aliitazama muda mrefu. Kisha akafanya kitu kilichonitia hofu kuliko kama angenipiga. Alirudi mlangoni, akachungulia uani, akaufunga mlango taratibu, akakaza komeo.

"Nani mwingine ameiona hii?" aliuliza. Sauti ilikuwa ya chini kabisa.

"Mama, hiyo ni sosi."

"Nimekuuliza nani ameiona. Domitila ameiona?"

"Sijui. Labda. Ni sosi ya Wachina, inatiwa kwenye chakula."

"Inatiwa kwenye chakula," alirudia mama. Akakaa juu ya ndoo ya maji kama mtu aliyekatwa miguu. "Nilijua. Njia nzima nilikuwa nasema labda ni uongo wa watu."

"Watu gani, mama?"

"Eufrasia, yule wa kwetu anayeuza chai stendi hapa. Alikuja nyumbani Alhamisi. Anasema kijana wa Mboje anakupikia. Anakuchotea maji. Anasema ameonekana anaanika nguo zako, Violeth, kwenye kamba, mchana, watu wanapita."

"Alianika shuka moja tu. Mvua ilikuwa imeacha kunyesha na mimi nilikuwa na gauni la bibi harusi la kumaliza."

"Mwanaume wa watu akifanya hivyo wanasema nini? Sema wewe, umekulia kule."

Nilijua wanasema nini. Wanasema amelishwa samba, ile dawa ya kumvuta mtu akupende mpaka asijitambue. Nilitaka kucheka ili mama aone upuuzi wake, lakini kicheko hakikuja. Nilikuwa nimemkumbuka Salu, jirani yetu Migato aliyesingiziwa samba.

Mama naye alikuwa amemkumbuka. "Salu alikuwa na chupa moja," alisema. "Moja tu, chini ya kitanda. Mimi nilikuwa najua ni dawa ya kikohozi, alinipa hata mimi nikanywa. Siku walipokuja kuichoma nyumba yake nilisimama uani kwangu na sikusema kitu, kwa sababu niliogopa watasema na mimi. Alitoka na nguo aliyovaa. Wanasema alipanda treni Malampaka. Mpaka leo hakuna anayejua alishukia wapi."

"Mama."

"Usiniambie mama. Funga vitu vyako, tunaondoka na gari la saa tisa. Chupa naimwaga chooni sasa hivi. Mahona nitamwambia awajibu wale washenga warudi kwao kwa amani."

Mikono yangu ilikuwa na mafuta, nikaifuta kwenye gauni langu zuri la Jumapili bila kujua. "Ulikuwa umekuja na neno gani?"

"Neno nililokuja nalo limeishia hapo mlangoni. Mwanaume aliyepatikana kwa chupa si mume. Siku dawa ikimwisha atakuchukia, na siku isipomwisha ndugu zake watakuua."

Hapo nikaogopa vya kweli. Kwanza nilikuwa naogopa aibu, sasa nikaona nampoteza Shigela nikiwa nimesimama hatua tatu kutoka alipo. Ningesema, "Mama, si mimi, muulize mwenyewe, yuko humo," ningekuwa nimekiri kwamba naficha wanaume kwenye mkaa. Nikinyamaza, mimi ni mwanamke wa samba, na maneno hayo yakishatoka Bariadi hayarudi. Naye akitoka, atakuwa amemkabili mama mkwe uso kwa uso, mtu asiye na adabu, na hilo peke yake lilitosha kuvunja uchumba.

Lakini nitasema ukweli wangu wote. Nilichoogopa kuliko vyote ni kwamba angebaki humo humo, akisikia nikiitwa hivyo, na asitoke. Nililitazama lile gunia kwa macho ya kuomba. Mama alikuwa ameshainuka, ameishika chupa kwa ncha ya kanga ili isimguse kidole.

Gunia likasogea.

Mgongo ndio uliotangulia. Shigela alitoka kinyumenyume, ameinama, ameziba macho kwa kiganja kimoja, na mkono mwingine ukipapasa hewa asije akagonga kitu. Shati lake la kanisani lilikuwa jeusi kwa vumbi la mkaa. Kanga yangu bado ilikuwa kiunoni. Mama alitoa sauti ndogo kooni, akajifunika kanga kichwa kizima, akageukia ukuta wa bati.

Tukabaki hivyo watatu, wawili wamepeana mgongo na mimi katikati.

"Violeth," alisema Shigela, akiuelekea ukuta wa kwake. "Mwambie mama namwamkia."

"Mama, anakuamkia."

Mama alivuta kanga zaidi usoni. Kisha akasema, "Muulize alikuwa humo tangu lini."

"Tangu alipopiga hodi," alisema Shigela.

"Tangu ulipo..."

"Nimesikia. Lakini niambie wewe."

"Tangu ulipopiga hodi, mama."

"Muulize amesikia yote."

"Mwambie nimesikia yote," alisema Shigela, "na ndiyo maana nimetoka. Mwambie ningekuwa na njia nyingine ya kutoka ningepita huko. Mwambie mimi sijalishwa kitu. Chupa ni yangu, mboga nimekata mimi, na hicho chakula nilikuwa napika mimi. Akiniruhusu nitakimaliza, na wewe utamwambia kila ninachotia na lini nakitia."

Nilimwambia. Nilimwona mama kichwa kikitikisika ndani ya kanga, sikujua kama ni kukubali au ni kulia.

"Apike," alisema hatimaye. "Nisikie."

Ashukuriwe aliyejenga lile jiko, maana meko yalikuwa upande wa Shigela. Alirudisha karai motoni, akapepea mkaa kwa kifuniko mpaka ukawa mwekundu. Mwiko ukagonga chuma, ko ko ko, na mama akashtuka.

"Ametia mafuta," nikasema. "Anasubiri yatoe moshi."

"Mbona yatoe moshi? Si yataungua?"

"Anasema moto ndio unaopika, si muda. Sasa ametia tangawizi na vitunguu saumu. Sasa kuku. Anageuza, mama, haachi hata kidogo."

"Nasikia."

"Kuku amekuwa mweupe, anaanza kuwa kahawia. Karoti sasa. Hoho. Kabichi."

"Haraka hivyo?"

"Anasema zikikaa zitatoa maji na tambi zitalowa. Sasa tambi."

Harufu ilijaa jiko. Nilikuwa sijala tangu asubuhi na tumbo langu halikujua kwamba tumo hatarini, likanguruma. Shigela alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, apewe chupa.

"Simama," alisema mama. Chupa alikuwa bado nayo. "Hii bado."

"Mwambie nitaionja mimi kwanza," alisema Shigela.

"Yeye si ndiye wanayesema amelishwa? Akionja yeye tutajua nini?"

"Basi nionje mimi, mama," nikasema.

"Wewe ndiye wanayesema mwenye dawa." Alikuwa anafungua kifuniko. "Amebaki nani?"

"Mama, kama huiamini usiinywe. Tafadhali."

"Kama ni dawa ya mapenzi, inipate mimi. Mume wangu yuko kaburini, nitampenda nani?"

Nilimkamata mkono, nikachelewa. Alikuwa ameshamimina kiganjani na kulamba. Shigela aliacha kukoroga. Nilimtazama mama pale ndani ya kanga, macho ameyafumba, kidevu kinachezacheza, na nilielewa kwamba muda wote huo hakuwa na hasira hata tone. Alikuwa anaogopa, kama mimi, na zaidi yangu, kwa sababu yeye alikuwa ameona nyumba ikiungua.

"Chumvi," alisema.

Akalamba tena.

"Ni chumvi tu." Akakaa juu ya ndoo, na machozi yakamtoka. "Watu wanataka kukuchomea nyumba kwa ajili ya chumvi."

Nilipiga magoti nikamkumbatia. Nyuma yangu nilisikia mwiko ukianza tena kukoroga, polepole, kwa sababu chakula hakijui habari za watu na kilikuwa kinaanza kuungua. Mama akanipa chupa, nami nikampa Shigela. Alitia vijiko viwili. Karai lilipiga kelele, kisha likatulia.

"Muulize," alisema mama akifuta pua, "kwa nini anapika. Wachina wameshaondoka. Hakuna anayemlipa."

Shigela aliepua karai kwanza. "Mwambie Violeth anashona mpaka jioni vidole vinakuwa na ganzi, hawezi hata kushika sindano. Nimemwona akivipuliza. Halafu anaingia jikoni. Mwambie mimi hilo siwezi kulitazama nikiwa nimekaa. Kama hiyo ndiyo inaitwa kulishwa, basi nimelishwa, lakini nilijilisha mwenyewe siku nilipopeleka ile suruali."

Nilishindwa kulirudia hilo. Nilijaribu mara mbili.

"Acha," alisema mama. "Hilo nimelisikia. Nipakulie."

Nilimpakulia kwenye bakuli la bati. Alikula akiwa ameugeukia ukuta, kwa mkono, tambi zikimtoroka vidoleni, naye akizifuata na kunung'unika kwamba chakula gani hiki kinakimbia. Alimaliza. Aliuliza kama kimebaki, nikamwongezea. Shigela muda wote amesimama na kiganja machoni, jasho likimchorea mistari myeupe kwenye mkaa wa shingo.

"Sasa nisikilize vizuri," mama aliniambia, akiweka bakuli chini. "Hiyo chupa irudi dirishani, na iwe wazi, kila mtu aione. Eufrasia nitampitia stendi leo nimpelekee na yeye alambe. Salu aliificha ya kwake chini ya kitanda, na sisi tuliojua ni ya kikohozi tulinyamaza. Mimi sinyamazi tena."

"Ndiyo, mama."

"Na huyu umwambie ameniona. Nilikuwa mlangoni, akawa ndani, na nimekula chakula cha mkono wake. Kwa kosa hilo atanilipa mbuzi. Jike, mwenye mimba, na amlete Migato kabla ya kulima palizi."

Baada ya yote yale, faini. Nilikuwa tayari nimefungua mdomo kumtetea, niseme hakukusudia, niseme alifunika macho. Ndipo akili ikanifikia, taratibu. Mbuzi wa namna ile hatozwi kila kijana. Mtu baki akikutana na mama yako hata jikoni, anasema samahani na kuondoka.

"Mama," nikasema, "mbuzi huyo hulipwa na mkwe."

"Najua anayelipa. Mimi ndiye niliyekuja na neno, si wewe." Alianza kutoa michembe kwenye kapu, akiipanga juu ya ubao kana kwamba ndilo lililomleta. "Mwambie."

Nikageuka. Shigela alikuwa hatua mbili kutoka kwetu na masikio yake ni mazima. Alikuwa amesikia kila neno, nami niliyaona mabega yake yakipanda na kushuka ndani ya lile shati jeusi. Lakini hakugeuka, wala hakuondoa kiganja machoni. Alisimama pale akingoja aambiwe na mimi kwamba ameitwa mkwe.